Lugha Inayokataa Ufunguo wa Pili

Benchi letu pale Kapata, mtaa wa Kolwezi, limetengenezwa kwa kipande cha mpira mnene, ule wa kubebea mawe ya shaba kiwandani, kikapigiliwa juu ya vyuma viwili. Liko mbele ya nyumba ya Mama Nafisa, mahali ambapo safu za nyumba za wafanyakazi wa zamani zinakutana na barabara ya malori, na kahawa yake ina tangawizi nyingi ili mtu asitambue vumbi. Wanaolikalia kila jioni ni wale wale. Kuna Stany, anayeitwa Ministre kwa sababu tangu tumjue anangoja kuteuliwa. Kuna Fadhili, binamu yake Nafisa, dereva wa lori, anayeitwa Barrière kwa kuwa nusu ya maisha yake amelala mbele ya vizuizi vya mipakani. Na kuna Tata Omer, yaani Mzee Omer, fundi umeme aliyestaafu, tunayemwita Disjoncteur, swichi inayokata umeme, maana akichoka na mazungumzo huyakata palepale bila onyo. Jioni hiyo ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeanza kushuka, hakukata kitu. Alikuja amefunga vifungo vyote vya koti, akasema analo jambo, na kwamba binti yake atafika mwenyewe kulieleza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Noëlla alisomea kompyuta hapa hapa Kolwezi na sasa ni msaidizi wa walimu. Chuo kikuu kimoja cha Uskochi kimemwita akasomee shahada ya udaktari, na kinataka jibu kabla siku haijaisha. Kwa upande wake Omer alikwisha kumtafutia kazi katika ofisi ya beji za kuingilia mgodi mmoja wa karibu, kazi ambayo mtu anarudi nyumbani mchana kula. Noëlla ana umri wa kuondoka bila kumwuliza mtu. Lakini kwao mtoto havuki mpaka kama baba hajamwekea mikono kichwani, na asubuhi ile Omer alimwambia: njoo kijiweni, watu wasikie, halafu nitakujibu.

Tulielewa mara moja alichotaka. Alitaka tumcheke binti yake. Kusema hapana ni mzigo kwa mjane anayekaa na mtoto mmoja katika nyumba aliyopewa na kampuni ya shaba enzi alipokuwa na watoto sita. Tukiubeba wote pamoja, labda usingemlemea.

Hatukuhitaji kuombwa mara mbili. Stany alianza kabla kikombe chake hakijajazwa.

— Omer, anaenda kusoma nini kabisa?

— Maluga ya ordinatere. Lakini hapana yote. Iko moja ya pembeni. Wanaiita fonctionnelle.

— Aa. Na hizi zingine zenye tuko nazo mu masimu, hazifonctionne?

Kwa Kifaransa neno lile linakaribiana na “kufanya kazi”, na Fadhili akacheka hadi kahawa ikamwagika. Omer hakucheka, ila uso wake ulilegea kidogo, kama mtu aliyeona gari alilokuwa analisubiri.

Stany akajenga hoja yake. Sina sababu ya kuificha, kwani aliijenga vizuri. Alisema Wazungu wana tatizo moja, nalo ni watu waliosoma. Mtu aliyesoma sana akikosa kazi huleta fujo. Kwa hiyo wamebuni masomo yasiyo na mwisho. Wanamweka msomi katika chumba chenye joto, wanampa tatizo ambalo wamelitengeneza wenyewe, naye anakaa kimya hadi anazeeka. Kwao huko wameshamaliza watu wa kuweka ndani ya vyumba hivyo, ndiyo maana sasa wanakuja kuwatafuta Kapata.

Fadhili alimpinga, ila si kwa kumtetea Noëlla. Alisema si kwamba lugha hizo hazina kazi, zina ubaya.

— Mi nitawaambia kitu. Lori inafika ku mpaka. Muntu wa ofisi anaangalia ordinatere, anasema, sisteme imekufa. Unalala. Kesho, sisteme imekufa. Mbona haikufake siku ya dimanche, siku ya kanisa, wakati hakuna lori? Kuko luga yenye wanaisemesha nayo: kufa. Na inasikia.

— Hiyo haiko luga ya fonctionnelle, Stany akasema. Hiyo inafonctionne.

Hapo Noëlla alitokea, amejifunga kitenge juu ya sweta, simu mkononi. Alitusalimu mmoja mmoja, tata kwa tata, akampa Nafisa mkono, kisha akakaa kwenye kreti ya soda, kwa sababu benchi letu halisogezwi kwa mtu anayekuja kuhojiwa. Omer alimwambia aeleze kazi yake kama anavyowaeleza watoto. Akajaribu.

Alisema programu nyingi tunazozijua zinafanya kazi kama mtu anayeandika ubaoni: anaandika, anafuta, anaandika tena palepale. Ukirudi hujui tena kulikuwa na nini. Katika lugha anazochunguza yeye, kitu kikishapewa jina hakifutwi. Ukitaka kukibadilisha, unatengeneza kingine kipya kutoka kwa kile cha zamani, na cha zamani kinabaki kama kilivyokuwa. Nafisa akauliza faida yake ni nini. Noëlla akajibu kwamba siku hizi mashine nyingi zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na kama hakuna anayeweza kufuta, basi hakuna anayeweza kumnyang'anya mwenzake kitu mkononi.

Stany aliweka kikombe chini. Alikuwa na sura ya mtu aliyemkuta adui wake wa siku nyingi.

— Kumbe ni hiyo. Minaijua, mi. Kitu ikishaandikwa, haibadilike. Unalalamika, wanakuandikia karatasi mupya, na ile ya zamani inabakia tu vile. Mama Nafisa, hii njo luga ya makontra, ile mikataba ya shaba. Tuko mu programu yake tangu wakati ya babu zetu.

Tulicheka, hata Noëlla alicheka, na nadhani kucheka kwake kulimuudhi Omer. Alimtuma mtoto wake aje kudharauliwa, na mtoto alikuwa anafurahia.

Fadhili hakutaka kuachwa nyuma. Alisema kwamba kobalti inatoka hapa bubu, ndani ya magunia, juu ya lori lake mwenyewe, na inarudi ndani ya simu inaongea. Lazima kuna mahali inafundishwa kuongea. Na madini si mawe tu, kila mtu aliyechimba anajua hilo. Yanamtambua mwenye ardhi. Yakifundishwa na mgeni yanakaidi, betri inavimba. Ndiyo maana wanamtaka mtoto wa Kapata, ili kobalti isikie sauti ya kwao na itulie.

— Yaya Fadhili, Nafisa akamwambia, kwa kuwa humwita kaka, betri yako ilivimba juu uliiacha ku jua.

— Na nani aliituma jua?

Swali hilo hatukulifuata. Stany aligeukia upande mwingine, akauliza ni watu wangapi duniani wanaoelewa kazi anayotaka kuifanya Noëlla. Nilidhani Noëlla ataepa. Hakuepa. Alisema lugha zenyewe zinajulikana na wengi, na mambo mengi yaliyoanza humo yameingia katika lugha za kawaida bila watu kujua yametoka wapi. Ila kipande chake hasa, kile alichoandikia makala iliyowafanya wamwite, watu wake wanaenea katika kanisa dogo.

— Kanisa ya uamsho, Stany akasema. Bila miujiza.

— Miujiza iko. Ila inachukua kurasa makumi mane kuionyesha.

— Na waumini wanafanya nini? Wanaombeana?

— Wanasomeana. Wanatafutana makosa.

— Uko unaona? Stany akamgeukia Omer. Amesoma, ametoka jasho, wewe umelala njaa juu yake, sasa anaenda kuketi na watu kumi wanatafutana makosa mu baridi. Wakati huku ofisi ya beji inamungoja, na kiti iko, na dirisha iko. Mi nikiwa ku mahali yako, ningeshamujibu.

Kwa kawaida Stany huishia hapo na wote tunakubali. Lakini Noëlla alikuwa ameanza kuchoka kuwa mpole.

— Tata Ministre, na heshima yote. Kitu moja yenye hizi luga zinafanya, zinasoma programu yote mbele haijaanza. Kama kuko fasi, mahali moja, haitawezekana, zinakuambia saa ile ile: hapana. Kama jina yako ya kuteuliwa ingepitia mule, ungepata hapana yako asubuhi moja. Haungengoja miaka yote hii.

Nafisa alificha mdomo kwa kitambaa. Fadhili alipiga paja. Stany akajaribu kutabasamu kama mtu anayependa vijana wenye akili, ikamshinda, akaomba sukari. Niseme hili kwa ajili yake: amekuwa mtu wa kwanza kufika kwenye misiba yetu yote, na mtu anayengoja kitu muda mrefu hivyo ana haki ya kutopenda kuambiwa hivyo.

Omer ndiye aliyefuata kusema. Neno moja lilikuwa limemkwama.

— Inasoma yote mbele ya kuanza. Inatafuta nini?

Noëlla alimwangalia baba yake kwa mara ya kwanza tangu akae. Badala ya kujibu, alimwuliza kufuli lake la kazini lilikuwa na funguo ngapi.

Hapa lazima nieleze, kwa wasiojua kazi ile. Enzi za kampuni, fundi hakuingiza mkono ndani ya kabati la umeme kabla hajazima swichi kubwa na kuitundikia kufuli lake. Si kufuli la kampuni, lake, lenye jina lake. Mafundi watano, makufuli matano juu ya swichi moja, na kila ufunguo mfukoni mwa mwenyewe. Swichi haikuwashwa hadi kila mtu ametoa la kwake kwa mkono wake. Mtu akisahau akaenda nyumbani na ufunguo, nusu ya kiwanda ilisimama ikimngoja, na gari lilitumwa hapa hapa Kapata kumtoa kitandani. Wakubwa walitukana, lakini gari lilikwenda.

— Moja, Omer akajibu. Ilikuwa na funguo moja.

— Kama mungekuwa na ya pili?

— Haingekuwa tena kufuli. Ingekuwa mapambo.

— Basi, papa, njo ile kazi yangu. Mu programu, bitu vyote vinakopiwa. Vinakopiwa bure, muntu hata haone. Sisi tunatafuta luga yenye unaweza kuandikia kitu: hii haikopiwe, na haitupwe. Inatumika mara moja, na ule mwenye aliipewa. Ukifunga, unapewa funguo. Kufungua, unairudisha. Luga inafuata ile funguo kila fasi mu programu yote. Ikiona fasi moja funguo imekuwa mbili, programu haianze.

— Na kama chef, mukubwa wa kazi, amesema ianze?

— Haianze.

— Na kama ni chef mukubwa, wa ku direksyo?

— Papa, haimujue.

Omer alivua kofia akaivaa tena. Kwa upande wetu, dhihaka ilipanda kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa tulikuwa tumeelewa. Fadhili alisema lugha isiyomjua mkubwa haiwezi kupita hata kizuizi kimoja kati ya hapa na Likasi. Stany alipata nguvu upya, akauliza ni nchi gani hiyo ambamo mkubwa anasema ianze nayo isianze, na kama ipo, kwa nini Noëlla asimpeleke na yeye. Akaongeza kwamba hayo yote ni mazuri kwa watu ambao umeme wao haukatiki. Sisi hapa hatuhitaji lugha ya kuzuia mashine zisianze, zinajizuia zenyewe. Tulikuwa katika kucheka huko wakati mtu mmoja alipouliza kama kahawa bado ipo.

Hatukuwa tumemwona akija. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, koti la kazi lenye mistari ya kung'aa, buti nyeupe kwa vumbi. Alisema anaitwa Mechack, ni fundi umeme, anafanya kazi kwa mmoja wa wale wanaopewa kazi na migodi kwa mkataba mfupi mfupi. Nafisa alimmiminia. Alikunywa amesimama, na ilionekana alikuwa amesimama nyuma ya lori lililoegeshwa kwa muda, akisikiliza, kwa sababu hakuuliza tulikuwa tunazungumza nini.

— Kule kwetu pia kuko makufuli, akasema. Kila fundi na yake, jina juu. Lakini kapita, musimamizi wetu, eko na funguo ya pili ya yote, mu kamba moja. Anasema ni juu ya urgence, kama kuko hatari.

Omer akageuka mwili mzima.

— Ya yote?

— Ya yote, tata. Juma iliyopita mwenzangu alikuwa ndani ya kabati. Kufuli yake ilikuwa inaning'inia pale. Juu walikuwa wanangoja mashini, kapita alifungua, akawasha. Hakuita hata jina.

Hakuna aliyeuliza mwisho wake. Mechack aliusema mwenyewe, bila kupandisha sauti: mwenzake yuko hospitali, mkono wa kuume haujulikani kama utabaki. Kesho yeye Mechack ndiye anaingia kabati lile lile.

Kisha akamgeukia Noëlla, na akamwita madame, jambo ambalo sisi tuliomjua akicheza bila viatu hatujawahi kulifanya.

— Madame, nimesikia kazi yako. Ni kitu ya muzuri. Luga yako inakataa funguo ya pili. Sasa kapita mwenye eko nayo mu mufuko wa suruali, luga yako inamufanya nini?

Lori lilipita, vumbi likapita juu yetu, na baada ya vumbi swali lilikuwa bado lipo. Stany alitutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Noëlla hakuharakisha. Nilimwona akifungua mdomo mara moja, na nadhani hapo ndipo lilipokuwa jibu ambalo mtu anaweza kulisema na likapendeza, kuhusu siku zijazo na mashine zitakazotengenezwa. Aliufunga. Halafu akasema:

— Haimufanye kitu.

— Basi, imeisha, Stany akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. Omer, umesikia. Mwenyewe amesema. Anaenda kupotea mu baridi juu ya luga yenye haimufanye kitu hata kapita moja. Mwambie hapana, mutoto aende kupika.

Siwezi kumlaumu. Alikuwa ameombwa amsaidie rafiki yake, na sasa alikuwa na ushahidi kutoka kinywani mwa mshtakiwa. Omer alikuwa na hapana yake, imebebwa na watu wote, nyepesi kama alivyoitaka. Ilibaki aiseme tu.

Aliinama, viwiko juu ya magoti. Alipozungumza alizungumza na mpira wa benchi, si na sisi.

— Mi nilitumika kazi na ba-enjenyere ba kila rangi. Ukimuuliza ulizo kama ya huyu kijana, anakupatia karatasi, ao anakupatia kasirani. Ao anakuambia, iko mu programu ya mwaka kesho. Sijasikia hata mumoja mbele ya bafundi anasema: haimufanye kitu.

— Juu walikuwa na akili, Stany akasema.

— Juu waliogopa. Akamtazama binti yake. Wewe hauogope?

— Minaogopa, papa. Minaogopa hata sasa.

— Na nani atakupikia kule?

— Nitapika.

— Haujue kupika.

— Najua bukari.

— Bukari, ugali tu, Omer akasema, na akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa waya uliofungwa vibaya.

Kisha akasimama, akafungua koti, akamwendea pale kwenye kreti. Stany aliuliza kama kweli ni hapa, kando ya barabara, mbele ya malori. Omer hakumjibu. Aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha Noëlla, mikono mikubwa yenye makovu madogo ya umeme, na akasema maneno ya kwao kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufika kwenye benchi. Sikuyasikia, na kama ningeyasikia nisingeyaandika. Yalikuwa mafupi. Alipoondoa mikono, kitambaa cha kichwani cha Noëlla kilikuwa kimehama upande, naye hakukirekebisha. Alichukua simu akaanza kuandika jibu lake kwa chuo kikuu.

Stany akasema lugha ile sasa imepata muumini wa kumi na moja, na kwamba huyo ni wa kumhurumia kuliko wote kwa kuwa hata kuisoma hawezi. Fadhili alicheka kidogo. Omer alirudi kukaa, akanyoosha kikombe, lakini Nafisa alitikisa birika kumwonyesha kuwa kahawa imekwisha.

Mechack alimaliza kahawa yake, akaweka kikombe ukingoni mwa benchi taratibu, akafunga koti lake la kazi hadi shingoni.

— Na ulizo yangu? akasema. Kesho minaingia, na kapita eko na ile funguo.

Sote tulimtazama Noëlla. Alikuwa bado anaandika.